Kura ya Bibi Boykin

Mansburg, Ohio
Jumatatu, 4 Desemba 2017

Dada yangu Odessa,

Imetimia miaka hamsini na sita na miezi sita tangu nilipopanda basi la kuja huku, mbele ya duka la dawa, nikiwa na sanduku la Baba lililofungwa kwa mkanda wake. Nimehesabu mara mbili kwa kalenda. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza ukorofi, na paa la jikoni limezibwa kabla ya mvua za baridi kuanza. Mimi mwili wangu hauna la kulalamikia, isipokuwa jicho la kushoto ambalo daktari bado analitazama. Nyumba iko kimya. Tangu mke wangu Corinne atutoke, huu mwaka wa nne, nimezoea kula nikiwa nimesimama kando ya sinki, na redio naiwasha ili pawe na mtu anayeongea katika chumba kingine.

Wiki ya Shukrani uliniuliza kwenye simu habari za yule mama wa kwetu Kusini niliyekutana naye siku ya uchaguzi, na kama ni wa wale Boykin wa nyuma ya kanisa. Nilikukatiza nikasema maharage yanaungua. Hapakuwa na maharage. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ningekatiza tena.

Unajua kwamba kila uchaguzi mimi hukaa mezani kama karani wa kituo, na unajua kwa nini nilianza, maana wewe ndiye uliyekuwa umeshika mkono wa Baba siku aliyorudishwa kutoka mahakamani bila kuandikishwa kupiga kura, kwa sababu ya weusi wetu. Kituo chetu ni ukumbi wa zimamoto. Magari mekundu hutolewa nje, nasi huingia saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunainua mkono wa kulia na kula kiapo, kisha tunakula donati. Kila meza ina makarani wawili, mmoja wa chama hiki na mwingine wa kile, ili kila mmoja amchunge mwenzake. Mwenzangu ni Wanda Stucky, mjane mwenye ng'ombe wa maziwa, mwanamke mrefu anayekuja na chungu cha umeme kilichojaa tambi za kuku na viazi vya kuponda. Kila mwaka ananipokea kwa maneno yale yale: "Lemuel, chama chenu kimechelewa tena." Tumekaa pamoja miaka kumi na sita na sijawahi kufika kwake, wala yeye kwangu. Lakini siku hizo mbili za mwaka, ya Mei na ya Novemba, ndizo siku ninazokaa na mtu saa kumi na nne mfululizo, na nilikuwa nikizihesabu kama mfungwa anavyohesabu siku za kutembelewa.

Bibi Boykin aliingia saa nne kasoro robo asubuhi, wakati watu wamepungua. Ana miaka themanini na mitatu. Alikuwa amevaa kofia ya kanisani na koti la sufu, na mkoba ameushika kwa mikono miwili. Kabla sijamuuliza jina alinitangazia kwamba tangu mwaka wa sitini na sita hajakosa uchaguzi hata mmoja, hata ule wa kumchagua mchunguzi wa vifo wa kaunti ambao mgombea alikuwa peke yake. Wanda akamwambia, "Basi huyo bwana alipata kura mbili, yako na ya mama yake." "Ya kwangu tu," akajibu Bibi Boykin. "Mama yake alikuwa hampendi."

Odessa, nilipoisikia sauti ile kalamu ilinidondoka. Si maneno, bali jinsi alivyokuwa akiyavuta mwishoni, kama Mama alivyokuwa akivuta majina yetu akituita kutoka barazani. Mwaka mzima sikuwa nimeisikia isipokuwa kwako, tena kwenye simu.

Nikamtafuta kwenye daftari la wapiga kura, nikakuta jina halimo. Binti yake alimleta huku Agosti baada ya kuanguka bafuni kule nyumbani, akamwandikisha Septemba, mapema kabisa. Wakati huohuo binti alikuwa amehamia nyumba nyingine, yenye chumba cha kulala chini, ili mama asipande ngazi. Yeye mwenyewe alipiga kura yake kwa posta, na asubuhi ile, akiwa anawahi jambo hospitalini anakofanya kazi, alimshusha mama kwenye ukumbi wa zimamoto kwa mazoea tu, kwa sababu ndiko alikokuwa akipigia zamani. Alimwambia atamfuata baada ya dakika arobaini.

Hapa nikueleze kazi yetu ilivyo, maana ndiyo kiini cha habari. Jina lisipoonekana hatumfukuzi mtu. Tunatazama kwanza kama limeandikwa vibaya. Kisha tunafungua daftari la mitaa, ambalo linaonyesha kila mtaa, nyumba namba hii hadi namba hii, ni wa kituo kipi. Tukikuta nyumba yake ni ya kituo kingine, tunamwambia aende huko, tunamwandikia na anwani, kwa sababu kura ya hapa haitahesabiwa. Ikiwa nyumba ni ya kwetu lakini jina halipo, au mtu hana kitambulisho, au akikataa katakata kwenda kwingine, ndipo tunampa kura ya muda. Anaipiga kama wenzake, lakini haiingii sandukuni. Inatiwa kwenye bahasha ya kijani, anaandika jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na kuweka sahihi, nasi makarani wawili tunatia zetu. Baadaye ofisi ya uchaguzi inachunguza na kuamua. Mimi bahasha ile nilikuwa naipenda. Niliiona kama kitu ambacho Baba alikosa: kwamba hata kama karatasi za serikali hazikujui, huondoki mikono mitupu.

Basi nikalifungua daftari la mitaa. Nikiwa nimeinama Bibi Boykin akaniuliza lile swali ambalo huku Kaskazini hakuna anayekuuliza: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia wa Hosea Tarpley, wa Nettle Creek.

"Hosea mwenye nyumbu kipofu wa kulimia?"

Nikamwambia huyo huyo. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema yule nyumbu aliwahi kuja kanisani peke yake Jumapili moja, akasimama mlangoni mpaka mchungaji alipomaliza, na watu wakasema amehudhuria kuliko Hosea mwenyewe. Wanda alitaka kujua kama nyumbu naye alikuwa ameandikishwa, na ni wa chama gani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kikazi, kama nimeangalia daftari la mitaa. Nikamwambia nimeangalia. Akavuta bahasha ya kijani kutoka kwenye boksi na kunipa.

Tulichukua dakika ishirini. Nilimsomea kila mstari, ingawa anasoma vizuri kuliko mimi. Kwenye anwani akanisimulia ndoa ya binti yake. Kwenye tarehe ya kuzaliwa akanisimulia mafuriko, na jinsi walivyomhamisha bibi yake juu ya mlango uliong'olewa. Alikukumbuka wewe, akasema ulikuwa na sauti kubwa na miguu myembamba. Akaenda kwenye kibanda, akapiga kura yake, akailamba bahasha mwenyewe. Mimi nikatia sahihi, Wanda akatia sahihi. Nikambandika kibandiko cha "Nimepiga Kura" kwenye koti, naye akakipapasa kama medali. Jioni ile nilikupigia simu, na wewe ukafurahi pamoja nami.

Tarehe ishirini na mbili Novemba ofisi ya kaunti iliniita pamoja na Wanda. Bibi Boykin alikuwa amepiga ile namba ya simu tunayompa kila anayepiga kura ya muda, akaambiwa kura yake haikuhesabiwa: mtaa wa Walnut, kuanzia namba mia nne kwenda juu, unapiga kura kanisa la Walutheri ng'ambo ya mto. Yeye anakaa namba 412. Ni mwendo wa dakika saba kwa gari, na saa nne asubuhi ile kulikuwa kumebaki saa tisa na nusu kabla ya vituo kufungwa. Bwana Fenn, mkuu wetu, si mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kuandika kwenye fomu kwamba ni kosa la kawaida la kibinadamu, anataka sahihi zetu tu. Wanda akamwambia herufi za daftari lile zimechapwa kwa ajili ya sisimizi, na mtu mwenye jicho bovu kama Lemuel asilaumiwe, alaumiwe mchapishaji. Akaongeza kwamba tozo ya maktaba tuliyokuwa tukiipigia kura siku ile ilishinda kwa kura mia nne na zaidi, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Chini ya meza alinikanyaga mguu ili nitie sahihi tuondoke.

Odessa, jicho langu la kulia ni zima. Daftari niliangalia, kama nilivyomwambia Wanda. Niliuona mstari wa Walnut na niliiona namba mia nne. Kidole changu kilikuwa juu yake wakati mama yule aliponiuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilijua kwamba nikimwambia pale pale, angetoka nje kumngojea binti yake, angepelekwa kanisani, angepiga kura halali, na mimi nisingeisikia tena sauti ile. Nilijiambia nitamwambia baada ya hadithi ya nyumbu. Kisha baada ya mafuriko. Kisha bahasha ilikuwa imekwisha kulambwa, na nikajiambia huenda ofisi wataipitisha, nami nikijua fika kwamba hawataipitisha. Nilimpa karatasi isiyo na kazi ili aendelee kukaa.

Hayo ndiyo niliyomwambia Bwana Fenn. Alichana ile fomu, akachukua nyingine. Sitakaa tena mezani.

Tulipofika kwenye magari Wanda alisimama akitafuta funguo ambazo alikuwa amezishika mkononi. Akasema, "Miaka kumi na sita nimekuchunga usiibe kura ya chama changu. Kumbe ulikuwa unaiba ya kikongwe wa kwenu." Aliondoka bila kupunga mkono, na sina namba yake ya simu. Hatukuwahi kupeana.

Siku ya Jumamosi nilikwenda namba 412. Binti alikuwa kazini. Bibi Boykin alinifungulia mwenyewe, amevaa soksi za sufu, akanikaribisha kiti, lakini nilimwambia kwanza asikie. Nikamweleza kila kitu, hadi kidole. Kisha akasema, "Ulitaka tuongee? Si ungesema. Ningekwenda kupiga kura yangu, halafu ningerudi na kiti changu nikakaa na wewe mpaka mnafunga."

Nilitamani aishie hapo. Akaendelea, taratibu, na safari hii sauti ile haikunifariji. Alisema mwaka wa sitini na saba wazungu wasiotaka tupige kura walimpigia risasi dirishani wiki ya uchaguzi, na asubuhi akaenda. Mwaka aliomzika mumewe alikwenda akiwa na nguo nyeusi. "Miaka hamsini na mmoja wameshindwa wote wale," akasema. "Umenikosesha wewe, mtoto wa Hosea."

Sikuomba nisamehewe, maana ingekuwa kumwomba anipe kitu kingine tena. Nilimwomba tu aniruhusu nimpeleke Walutheri uchaguzi ujao, tarehe 8 Mei. Akasema ana binti mwenye gari. Nikainuka, nikavaa kofia. Nilikuwa nimefika ngazi ya chini alipofungua tena mlango kidogo. "Njoo, basi, saa tatu. Lakini njiani usiniongeleshe."

Umeniandikia kwamba chumba cha Mama umekipaka rangi, na kwamba sasa Corinne hayupo hakuna kinachonishika huku. Kwa miaka minne nimekujibu kwamba kuna kazi ya kituoni, na kazi hiyo sasa sina. Nimelifikiria jambo hili kwa uangalifu wote nilio nao. Nilichokuwa nakililia, sauti ya nyumbani, nilipewa dakika ishirini nzima, na umeona nilikifanyia nini. Ninachobakiwa nacho hapa ni mwanamke mmoja ambaye amekubali kukaa kwenye gari langu akiwa amenyamaza. Nitakuwa mbele ya nyumba yake saa tatu kamili, na Novemba inayofuata, na Mei nyingine, kadiri atakavyonikubalia na kadiri tutakavyokuwa hai.

Nisalimie mchungaji na wote wanaouliza kama bado nipo. Wale Boykin wa nyuma ya kanisa ndio hao hao. Bibi Boykin alisema shangazi yake, aliyekuwa mkunga, ndiye aliyempokea mwanao wa kwanza. Chumba mpe mjukuu wako, asiendelee kulala sebuleni. Vaa soksi nzito, kunywa dawa zako, na usiniombee nisafiri salama.

Sitarudi, Odessa.

Mdogo wako,
Lemuel