Mstari Mwekundu na Mtani wa Mama

Jumapili, Mchinga. Mvua imeacha matope tu, nami nimeamka sina hamu hata ya kunawa uso.

Shajara yangu, nimesharudi kutoka Dar. Utafiti wa sonona, huu ugonjwa wangu wa huzuni, umekwisha, na ile mashine ya kupiga picha za ubongo nimeiacha hukohuko. Unalazwa ndani yake, inakugongea masikioni, na mbele yako kuna mstari mwekundu. Wanakuambia ukumbuke furaha. Sehemu fulani ya ubongo ikichangamka, mstari unapanda, na hivyo unajifunza kuupandisha mwenyewe.

Nikakumbuka harusi yangu. Mstari haukusogea. Nikakumbuka siku niliyomzaa binti yangu Zaituni. Wapi! Nililia mle ndani. Mama gani mimi?

Halafu, bila kutaka, nikamkumbuka Bi Somoe, mtani wetu, kwenye msiba wa mama. Alijifunga kanga ya marehemu, akachechemea vilevile kama mama, akawafokea watu: "Mmekuja kunililia au kunimalizia wali?" Tulicheka huku machozi yanatutoka.

Mstari ukapanda.

Daktari akasema nikifika nyumbani niendelee kukumbuka hivyohivyo kila siku. Nimejaribu. Sauti ya mama inafifia, na bila ule mstari sijui kama nafanya kitu au najidanganya. Zaituni, darasa la tatu tu, ameacha kuniuliza kama nimeamka vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Leo nimejikokota hadi kwa Bi Somoe. Nikampa shikamoo, nikamwomba amwigize mama tena.

Akanikazia macho. "We mtoto, yale ni ya msibani. Leo kafa nani?"

"Mimi, bibi."

Sikupanga kusema hivyo. Limetoka tu.

Hakucheka. Aliweka chini muhogo aliokuwa anaumenya, akanivua kanga ya begani, akajifunga kiunoni, akaanza kuchechemea uani. "Maiti gani huyu kaja kwa miguu yake? Hebu rudi ukampikie mjukuu wangu!"

Nikacheka kidogo, kisha nikalia sana, naye akaendelea kunifokea tu.

Nimerudi, nimempikia Zaituni. Sijui kama mstari umepanda, huku hakuna wa kunionyesha. Alikula huku ananitazama usoni, vile nilivyokuwa nautazama ule mstari.

Sijui ameona nini.