Ndimu ya Mama

Alhamisi

Mama kanigombeza leo, na mimi nimejaa fahari.

Tangu figo zigome na aanze kusafishwa damu, alikuwa anakula kama anameza udongo. Shangazi wa kijijini Chiungutwa alisema anadeka. Nikamng'ang'ania daktari mpaka akampima madini mwilini. Zinki imeshuka, ndiyo maana ulimi hauonji ladha! Akampa vidonge, na sasa ni wiki kadhaa anavimeza.

Bado naogopa, maana figo zenyewe hazirudi. Lakini mchana nimempelekea majani ya maboga, nimeyachemsha na kumwaga maji mara mbili kama tulivyofundishwa hospitali ili kupunguza potasiamu, nikakamulia ndimu nzima. Akakunja uso.

"Fatuma, ndimu yote hii unamkomoa nani?"



Miezi yote nimekuwa nakamua nzima, hakuwahi kusema kitu. Kesho nakamua nusu.