Aliyejisalimisha kwa Polisi wa Filamu

Miyuji,
Dodoma.
9 Septemba, 1998.

Mpendwa Mama mdogo Cecilia,

Shikamoo. Habari za Kigoma, na mguu wako unaendeleaje tangu ulipotuandikia kwamba unavimba? Mama anautaja kila jioni, kwa hiyo usiache kutujibu. Sisi hapa Miyuji tu wazima wa mwili. Baba bado anakwenda ofisini na presha yake imetulia. Mama anachoma vitumbua vyake kama kawaida. Upepo wa mwezi huu umetujaza vumbi mpaka ndani ya kopo la chumvi.

Mama mdogo, kabla hujaendelea kusoma nakuomba ukae chini, na kama uko peke yako umwite Brighton akae nawe. Nina habari inayomhusu marehemu mwanao Sila. Utaona hata mwandiko huu si ule unaoujua. Baba alitaka tungoje mpaka aje huko mwenyewe mwisho wa mwezi, lakini treni hupakia watu wengi wenye maneno, nami sikutaka uisikie sokoni.

Unajua kwamba mwaka huu chuo kimetupeleka field, yaani mafunzo ya kazi. Wenzangu wengi walipangiwa vikundi vya maigizo Dar es Salaam. Mimi nilipangiwa kampuni moja iliyokuja huku kwetu kupiga filamu ya televisheni, nikawekwa idara ya maleba, yaani mavazi ya waigizaji. Nilifurahi kwa kuwa ningelala nyumbani.

Mkuu wangu ni Bi Yudith, mama mkali mwenye moyo mwema. Alinifundisha jinsi ya kuifanya nguo mpya ionekane imevaliwa miaka. Tulishona sare za polisi kwa khaki ya dukani, tukazichovya kwenye chai ya rangi, tukasugua viwiko kwa jiwe na kunyunyiza maji ya chumvi makwapani ili yaonekane jasho lililokauka. Tepe za mabegani nilizishona mwenyewe. Bi Yudith alipozitazama na kuzitundika bila kunirudishia, nilijua zimempendeza. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba mwigizaji asitoke eneo la kazi akiwa na sare, asije akawatisha watu.

Ijumaa tulikuwa Hombolo, upande wa mashamba ya zabibu. Aliyeigiza ofisa wa polisi anaitwa Swalihu, mtu wa Tanga, mcheshi sana. Kabla ya zamu yake alisogea njiani kutafuta kivuli, nami nikamfuata na sindano kwa sababu kifungo cha mfuko wake wa kifuani kilikuwa kimelegea. Nilikuwa nimeinama nashona, nikasikia mtu amesimama nyuma yetu.

Alikuwa Yotham. Ndiyo, Mama mdogo, Yotham dereva wa shamba la zabibu la pale, yule aliyetuambia kwamba alimkuta Sila, enzi zile akifundisha huku, ameanguka barabarani na baiskeli yake, akampakia kwenye pikapu ya shamba na kumkimbiza hospitali. Yule uliyemshika mikono yote miwili msibani ukamwita mwanao. Yule ambaye kila mwaka huja kupalilia kaburi, na Mama humwekea chakula cha mgeni.

"Aneth," alisema, "umewaleta. Afadhali."

Kisha akamnyooshea Swalihu mikono yake, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu.

Sikuelewa. Swalihu naye hakuelewa, ila yeye alidhani ni mmoja wa wanakijiji waliochukuliwa kuonekana kwenye filamu na kwamba anafanya mazoezi. Akamjibu kwa sauti ile nzito ya mchezo, "Sema yote. Usifiche kitu."

Naye akasema yote. Siwezi kukuandikia kwa njia nyingine ila kama nilivyosikia. Alisema, "Taa za gari zilikuwa mbovu. Tajiri yangu alijua, na mimi nilijua. Magharibi ile niliona kitu mbele nikafikiri ni mbuzi. Mwalimu Sila sikumkuta barabarani. Nilimgonga mimi. Halafu kwao wakanishukuru, nikashindwa kusema, na kila walivyozidi kunishukuru ndivyo nilivyozidi kushindwa."

Mama mdogo, nilikaa chini palepale vumbini na sindano ikiwa mkononi. Nilikuwa nasikia zabibu zikimwagwa kwenye makreti ng'ambo ya njia, na mtu wa kamera akiita jina la Swalihu, na vyote vilikuwa mbali. Swalihu alinitazama mimi, akamtazama Yotham, nikaona ule uso wake wa mchezo unamtoka. Akavua kofia.

"Ndugu yangu," alisema taratibu, "mimi si polisi. Mimi ni mwigizaji. Hii ni nguo tu."

Yotham aligeukia kwangu. "Ni kweli, Aneth?"

Nikamwambia ni kweli, tuko kazini, na hakuna mtu aliyekuwa anamtafuta. Aliponiona nimesimama na askari karibu na shamba lao, alidhani nimejua na nimekuja kumwonyesha. Nilifikiri sasa atakimbia, au atasema alikuwa anatania. Angeweza, na nani angetuamini? Lakini alikaa chini mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Basi nipelekeni kwa wale wa kweli," alisema. "Nikirudi nyumbani leo, sitaweza kusema tena."

Mwongozaji wa filamu alipoelezwa, swali lake la kwanza lilikuwa kama kamera ilikuwa imewashwa. Bi Yudith alimjibu maneno ambayo siwezi kumwandikia mzazi. Swalihu alivua ile sare, akavaa shati lake mwenyewe, akaingia garini na Yotham mpaka kituoni. Sare akaniachia mikononi, bado ina joto la mwili. Nilishindwa kuikunja.

Nilipofika nyumbani na kueleza, Baba aliniuliza, "Yotham yupi?" Nikamwambia. Baada ya muda akaniuliza tena, "Yotham yupi?" Mama alitoka akasimama jikoni, na vitumbua vikaungua mbele ya macho yake mpaka jirani akaja kuuliza moshi ni wa nini.

Jumapili mke wa Yotham, Anjelina, alikuja na mtoto mgongoni. Alikaa kizingitini, hakutaka kiti. Alisema hata yeye hakuwa anajua, ila mumewe alikuwa akilia usingizini, naye akadhani ni mambo ya ushirikina. Mama alimletea chai. Walikaa pamoja mpaka chai ikapoa, kisha Anjelina akaondoka. Sijui kama Mama amemsamehe au alishindwa tu kumfukuza mwanamke mwenye mtoto. Mimi mwenyewe sijui nina nini moyoni. Asubuhi namchukia Yotham, na mchana nakumbuka kwamba angeweza kumwacha Sila barabarani.

Jana Baba aliruhusiwa kumwona Yotham kituoni. Huko ndiko alikosikia jambo ambalo Yotham alitunyima muda wote huu. Alikuwa ametuambia kwamba Sila alikuwa amezimia alipompakia, kwa sababu aliogopa tungeuliza aliongea nini. Si kweli. Sila hakuzimia. Najua umeuliza miaka yote kama mwanao aliondoka peke yake bila kusikia sauti ya mtu, na hatukuwa na jibu.

Alizungumza njia nzima. Yotham alikuwa akitetemeka mpaka usukani unamponyoka, na Sila ndiye aliyemwambia atulie, atazame barabara. Alimuuliza jina. Alishika mkono wa shati lake. Walipokaribia mjini alisema, "Mama yuko Kigoma. Msimpelekee simu leo, ataondoka bila kula." Baada ya hapo alinyamaza, na kwenye geti la hospitali alikuwa ameshatuacha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Polisi wanasema watamtafuta na tajiri wa shamba kwa sababu ya zile taa, na kwamba wewe kama mama utahitajika. Ukiamua kumkabili Yotham, au ukiamua hutaki kumwona kabisa, sisi tutasimama upande wako. Chuo kimenipa ruhusa ya kukatisha field, lakini nimebaki. Bi Yudith ameniondoa kwenye sare, sasa nashona magauni ya harusi.

Nisalimie Brighton, babu Castory, na jirani yako Mwanasha, umwambie khanga alizoniagiza nimezipata. Baba na Mama wanakukumbatia.

Mungu akukalie karibu unaposoma haya, na akae zaidi ukishamaliza. Utakapokuja, Mama mdogo, tafadhali ule kwanza ndipo upande treni.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Aneth