Mpaka Niliouonyesha

Mwaitu,

Mama yangu, ni mimi mwanao mwalimu. Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari mmoja, na leo naandika kwa aibu.

Wapimaji wa mashamba walifika hapa Kanyangi baada ya mavuno. Kila nyumba ilitoa mtu wa kuwaonyesha mpaka. Kwetu watu wakasema, "Si mwalimu yuko!" Nikatangulia kama bwana mkubwa. Mwaitu, nilikuwa sijui. Uliniita mara ngapi tuzunguke shamba, nikakwambia nasoma? Nilikuwa nakariri Silesia, huko Ulaya, Poland inapopakana na Chekoslovakia. Hata sasa naweza kuichora ubaoni nimefumba macho: mto Oder ukielekea kaskazini, makaa ya mawe, lile pengo kati ya milima, na ule mji ambao mto Olza unaukata, nusu nchi hii, nusu nchi ile. Shamba lako, sifuri.

Nikaona safu ya makonge. Nikasema, "Mpaka ndio huu." Wakapigilia vigingi.

Mwende akapaza sauti kule walikosimama wanawake: "Hayo Mwaitu alipanda ya kuzuia udongo! Mpaka uko chini, kwenye mawe!" Nami, mbele ya watu wote, nikamwambia dada yangu, "Nyamaza wewe, haya ni mambo ya ramani." Jirani yetu Kilonzo akaangalia viatu vyake. Alijua.

Sasa sehemu yote ya chini, hadi kwenye mchanga wa mto, imeandikwa ya Kilonzo. Kile kisima mlichokuwa mkichimba mchangani wewe na Mwende kiko huko. Siku hizi Mwende anapiga hodi kwa Kilonzo ndipo ateke maji. Hanilaumu. Ananipikia chai kwa maji hayohayo.

Kamati ya mashamba inapokea malalamiko hadi Ijumaa. Nimekuwa nikisema nina vitabu vya wanafunzi vya kusahihisha. Uongo mtupu! Naogopa tu kusimama, mwalimu mzima, niseme nilidanganya.

Pumzika, Mwaitu. Kesho naenda mbele ya kamati, nakuahidi. Nitasema sikujua, na kwamba anayejua nilimnyamazisha. Halafu Mwende atatangulia kuonyesha mawe, na mimi nitamfuata nyuma, mdomo nimefunga.

Mwanao