Kamba ya Mzee Taratibu

Kambini, 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na zamu za wodini? Mimi mwili ni mzima. Mengine sijui niyaiteje.

Mkufunzi wetu amefariki. Yule niliyekuandikia kwamba tunamwita Mzee Taratibu, kwa kuwa kwake kila kitu ni taratibu, hata kufunga fundo. Jumanne alikuwa anatufundisha jinsi ya kuwavusha wageni mtoni. Aliingia majini na ncha moja ya kamba, mimi nikashika nyingine ukingoni, wenzangu saba wakitazama. Alipofika katikati, gogo likaja na maji likampiga ubavuni. Kamba ikanivuta mpaka nikaingia mtoni. Akapaza sauti, "Achia!" Nikaachia.

Walimpata kesho yake, mbali huko chini.

Kila mtu ananiambia nilifanya sawa. Wananiletea chai, nami naitazama mpaka inapoa.

Mwanao

Nyumbani, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama koridoni, kisha nikakaa sakafuni na sare yangu nyeupe, mimi ninayewagombeza wauguzi wadogo kwa kukaa sakafuni. Miaka ishirini na sita nawafumba marehemu macho, lakini hili limenikata maini.

Sikiliza. Mwenye kujua alikwambia uachie, ukaachia. Huna lawama. Ulipoacha ukarani ili ukaongoze watu milimani, nilimeza mate nikanyamaza. Sasa sinyamazi. Rudi nyumbani.

Shangazi yako

Kambini, 27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, najua kimekunyima usingizi.

Nilikudanganya. Niliwadanganya wote.

Mzee alitufundisha siku ya kwanza kwamba mshika kamba haachii mpaka aambiwe. Maji yaliponifika mapajani niliogopa, vidole vikafunguka vyenyewe. Aliiona kamba imelegea. Akanitazama, Shangazi, wala si kwa hasira, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Ndipo akapaza sauti, "Achia!", uso ameuelekeza kwa wale saba. Wote wakasikia. Mimi nilikuwa mikono mitupu tayari.

Jana nilikwenda kwa mkewe. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, nilimkuta anasahihisha madaftari. Nikamweleza yote nimesimama mlangoni. Kalamu yake ikabaki hewani.

"Tangu kamba ilegee mpaka apaze sauti," akauliza, "ulipita muda gani?"

"Kama pumzi moja."

"Alikuwa na pumzi moja," akasema, "na hakuniita mimi."

Akarudi kwenye madaftari. Sikujua kama nimefukuzwa au nimeruhusiwa kukaa. Nikakaa. Alisahihisha lundo zima, kisha akanifungulia mlango.

Leo asubuhi nimewaambia wenzangu na mkuu wa kambi. Mmoja alitoka nje. Mwingine, aliyekuwa ananiletea chai, aliniuliza mara tatu swali lilelile, kana kwamba jibu litabadilika. Mkuu atatoa uamuzi Ijumaa kama nitaendelea na mafunzo au la. Sirudi nyumbani kabla ya hapo. Wakinifukuza, nifukuzwe nikiwa hapa.

Ukiniandikia, niandikie chochote kile, hata matusi. Ila usiniambie tena kwamba sina lawama.

Mwanao