Mujinga si Tusi

Kolwezi, Kongo

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limekubali ngazi za kanisani, au bado unanificha? Ukisema "sijambo" harakaharaka huwa nashtuka. Mimi mzima, ila vumbi la malori ya mgodini nalila pamoja na ugali.

Uliniambia tulipoagana Tunduma: watu wa migodini wajanja, fumbua macho. Nimeyafumbua. Siku ya kwanza ya kufundisha Kiingereza niliwaambia wanafunzi wajitambulishe. Binti wa dawati la mbele akasimama: "Miye Mujinga." Nikajua nimepatikana! Mgeni kutoka Tanzania anapimwa. Nikawakazia macho nione nani atacheka wa kwanza. Hakucheka mtu, nami nikazidi kushuku: hawa wamepanga.

Mama, sikulitamka. Nimwite mtoto wa watu mjinga? Nikawa namwita "wewe wa mbele". Akaanza kujibu kwa sauti ndogo, kisha akaacha kunyoosha mkono. Juzi akaniambia huku anaangalia chini, "Mwalimu, uniite tu Grâce." Grâce naye katoka wapi? Nikashuku na hilo.

Jana mama yake, muuza samaki, alinisimamisha getini.

"Ni weye njo unakatala jina ya mutoto wangu?"

Nikamweleza kwamba kwetu hilo ni tusi.

"Haiko tukano! Alizaliwa kitovu kimemuzunguka mu shingo. Mutoto wa vile, mu Kiluba njo tunamuitaka Mujinga. Sasa mutoto anataka kutupa jina yake, juu yako!"

Nikadhani ananitungia. Akanitazama. "Na weye, banakuitaka nani?"

"Mashaka."

Alicheka hadi akashika geti. "Mama yako alikuita Mashaka, na siye hatukukuuliza kitu!"

Nikakumbuka ulivyonisimulia uchungu wa kunizaa, wakunga walipokwisha kukata tamaa. Niliona haya, mama.

Leo nikaita, "Mujinga."

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Vile njo mujinga ya Kiswahili."

Akalitamka, sauti ikipanda na kushuka pasipo pangu. Nikarudia, nikakosea, nikarudia tena. Darasa zima likacheka, na safari hii sikuwa na shaka wanamcheka nani. Mwishowe akaitikia kwa Kifaransa, "Présente," yaani yupo, na mkono akaunyoosha kabla sijauliza swali.

Nisalimie shangazi mshonaji, na mjomba fundi baiskeli, mwambie sijauza saa yake aliyoniazima. Dada akijifungua, mpeni mtoto jina mlitakalo. Walimu wake watajifunza.

Mwanao wa uchungu ule,
Mashaka