Farasi Uliowaachia Chuo

Dada Zuwena,

"Mnyama tuliyemwokoa ni mali yetu; bila sisi angekwisha kufa." Ameyasema hayo mkuu mpya wa idara yako ya mifugo hapa chuoni, mbele ya wanafunzi, udongo wa kaburi lako haujakauka. Mwongo! Yeye hajaokoa hata panya. Ni wewe uliyewakuta Kibibi na Sultani kule Goweko, farasi wawili ambao mlowezi wa tumbaku aliwaacha zizini bila maji aliporudi kwao baada ya Azimio la Arusha. Ni wewe uliyewaleta Tabora kwa miguu, wanawake wa Isevya wakikucheka: "Bi Zuwena, ndiyo mahari hiyo?" Ukawajibu, "Afadhali hawa, hawaulizi chakula kiko wapi." Mimi nyuma yako, nakufa kwa aibu na kicheko.

Na kama kuokoa ni kumiliki, basi Mjerumani alikuwa na haki. Naye alisema anatuokoa na misafara ya watumwa, kisha akatubebesha mizigo ileile kwenye njia ileile.

Wewe ulifundisha kwa farasi wasiofungwa. Mwanafunzi aweke kiganja shingoni, asubiri, ndipo asikilize moyo. Farasi akiondoka, somo limekwisha. "Amekukataa, mwanangu. Rudi kesho, uje na adabu." Walirudi. Leo wanatibu ng'ombe wa vijiji vya Ujamaa mpaka Nzega.

Sasa farasi wako wanafungwa kamba. Kibibi alidungwa makusudi ugonjwa wa malale, ule wa ndorobo, ili dawa ijaribiwe. Dawa ilishindwa, akafa. Dada, nilimshika masikio, yalikuwa baridi, na hakuna aliyekuwa amempa hata... Basi. Jumatatu ni zamu ya Sultani.

Nimemshitaki mkuu huyo kwenye tawi la chama. Wakaniambia farasi si mwananchi. Sawa. Nitamwandika gazetini mpaka mwanawe aone haya kulitaja jina la baba yake. Sitaki aombe radhi. Nataka afukuzwe, na ajue aliyemfukuzisha ni mimi.

Pumzika, dada. Hasira niachie mimi; naahidi haitapoa. Barua hii naibandika kwenye mlango wa darasa lako, wasome wanaohusika.

Mdogo wako,
Nasoro

Ninyi wanafunzi wa Zuwena, mnaosimama hapa mlangoni mkisoma: Jumatatu asubuhi huyo bwana atahitaji watu sita wa kumlaza Sultani chini. Asimpate hata mmoja.